SHINGO YA ZABRON

Sehemu ya Kumi na Nne

Tulimwacha mtu mzima na jezi kichwani.

Wiki nzima! Msomaji mmoja wa Uyole kanipigia simu mara tatu kunilaumu, eti kwa nini nimemtelekeza kocha Zabron Kihwele pembeni mwa uwanja, mikono juu, kichwa ndani ya jezi, tumbo nje, mbele ya umati. Mimi ndiye niliyemvalisha? Jezi kaichagua mwenyewe. Namba kumi na sita, ya saizi aliyokuwa nayo miaka miwili iliyopita. Tumbo la leo halikuombwa ushauri.

Kwa wale ambao gazeti lao la wiki jana lilifungiwa maandazi kabla hawajalisoma, hali ilikuwa hivi.

Fainali ya Kombe la Nyanda za Juu, mchezo wa raga, Mafinga dhidi ya Mbeya, kwenye uwanja wa shule hapo Mafinga wenye magoli ya nguzo za umeme. Mbeya kumi na tano, Mafinga kumi na mbili. Zimebaki dakika nne. Mpira uko hatua tano kutoka mstari wa Mbeya, na refa kaamuru skramu. Wanane wa huku wanainama, wanane wa kule wanainama, vichwa vinaingiliana, mpira unaviringishwa katikati yao, na anayesukuma zaidi ndiye mwenye haki.

Na kusukuma ndicho kitu pekee vijana wa Mafinga wanachokijua. Ni wapakiaji wa magogo. Kupasiana wanaona uchoyo wa nguvu, kukimbia wanaona woga. Lakini wakiinama wanane kwa pamoja, hata lori la mbao linaweza kuomba radhi na kurudi nyuma.

Tatizo lilikuwa Saulo. Saulo ndiye namba mbili, yule wa katikati mstari wa mbele, na kidole gumba chake kilikuwa kimetoka mahali pake na kuangalia Makambako. Bila namba mbili aliyefundishwa kazi, refa huamuru skramu ya kuegemeana tu, watu wasije wakavunjana. Mafinga kuegemeana! Ni sawa na kumwambia fundi seremala apige msumari kwa kiganja.

Mtu mwingine aliyefundishwa kazi ya namba mbili katika wilaya nzima alikuwa mmoja tu. Kocha. Miaka kumi na miwili kacheza, kuanzia shuleni Iringa, kisha Arusha, kisha Nairobi, na timu ya taifa kaitwa mara tatu na kuingizwa uwanjani mara mbili. Hadi ile siku ya skramu iliyoanguka Arusha, ndipo daktari mmoja wa Mbeya akaiangalia picha ya X-ray na kumwambia: "Ndugu, mfupa wa shingo una ufa. Skramu moja tu zaidi, utalishwa uji kwa kijiko mpaka uzeeni."

Hiyo skramu moja tu ndiyo bwana huyu alikuwa anaivalia jezi. Na ndipo mkewe Ikupa aliporuka kamba ya uwanja, bahasha ya kaki mkononi.

Sasa twende.

"Vua hiyo, nikuoneshe kitu."

Zabron, akiwa humo gizani, aliijua sauti. Ndoa ya miaka saba, mtu huwezi kujifanya hujui.

"Mama Matilda? Umefikaje huku?"

"Na fuso la mbao toka Iringa. Vua."

"Watu wanatuangalia."

"Wanaangalia kitovu chako. Vua, Baba Matilda, au nikuvue mimi."

Akavuliwa. Ilichukua mikono minne na neno moja ambalo gazeti hili halichapishi.

Alipotoa kichwa nje, kabla hajapumua, mwenyekiti wa timu alikuwa kashafika. Mzee Isihaka, mfanyabiashara wa mbao, kanzu safi, kofia imekaa upande. Mzee huyu asubuhi ile alikuwa kashapiga picha akiwa amelikumbatia kombe, na picha kaituma kwenye magrupu yote, pamoja na grupu la msikiti na lile la wazazi wa darasa la saba. Kushindwa kulikuwa hakumo kabisa kwenye ratiba yake.

"Shikamoo, Mzee," Ikupa akasema.

"Marahaba, mwanangu. Sasa hebu tumuache mumeo..."

"Naomba unyamaze, Mzee wangu."

Adabu kamili kabisa. Shikamoo kwanza, kisha ndipo mtu ananyamazishwa.

Zabron akaitazama bahasha. Bahasha ile aliijua hata ukunjo wake wa pembeni. Miaka miwili imelala chini ya godoro lake, na miaka miwili na yeye kalala chali juu yake bila mto, kama maiti anayesubiri ndugu wa mbali. Ndoo ya maji habebi. Binti yake Matilda akiomba abebwe mabegani, anaambiwa baba ana shingo. Kuitazama ile picha aliitazama mara moja, kwa mbali, pale daktari alipoonesha ufa kwa kalamu. Basi. Tangu hapo anaiogopa.

"Najua umekuja nayo ya nini," akasema. "Unataka kunitia aibu mbele ya vijana. Hiyo picha naijua."

"Huijui."

"Mama Matilda, nisikilize. Mimi msimu mzima nimesimama hapa pembeni napiga kelele, hakuna anayenisikia. Hakuna! Wananipita kama nguzo. Nikiingia leo, hata kama ni mara moja, watanisikia. Na mimi nimechoka kuwa mgonjwa. Nimechoka! Afadhali nivunjike nikiwa mtu."

Hapo sauti ilimkatika, na mimi ambaye nimekuwa nikimcheka tangu Sehemu ya Kwanza, naomba niseme kwamba sikucheka. Mchezo ule alikuwa anaupenda. Aliulilia kwa siri bafuni, bomba likiwa limefunguliwa, na Ikupa alikuwa anamsikia kila mara.

Lakini hotuba yake nzuri iliharibiwa na Saulo.

Saulo alikuwa kaketi chini, na mbele yake kapiga magoti Benjamini, namba nane, kiongozi wa wapakiaji, mwenye mgongo mpana hata refa hupotea nyuma yake. Benjamini alikishika kile kidole kama mtu anayeng'oa msumari uliopinda. Akavuta. Kidole kikalia. Saulo hakulia, maana wapakiaji wenzake walikuwa wanatazama. Kisha kikafungwa kwa kipande cha mpira wa ndani wa pikipiki.

Refa Philbert, mwalimu wa hisabati kutoka Iringa, akauliza, "Unaweza?"

"Naweza."

"Umeshabadilishwa?"

Wote wakageuka kumtazama aliyetakiwa kumbadilisha. Amesimama kifua wazi, jezi iko mkononi mwa mke. Refa akapekua daftari lake. Hakuna aliyeingia, kwa hiyo hakuna aliyetoka.

"Endelea, Saulo. Skramu!"

Basi ndivyo jezi ndogo ilivyoiokoa timu. Kocha kajitoa mhanga mbele ya umma mzima, kahutubia kama mbunge, na dakika moja baadaye hana kazi. Benjamini alipita karibu yake akirudi mahali pake na kumpigapiga begani, kwa huruma, jinsi unavyompigapiga ng'ombe wa jirani.

Wewe msomaji unadhani sasa mke atashusha pumzi, atamshukuru Mungu, atakwenda kununua mahindi ya kuchoma. Hata mimi nilidhani hivyo. Badala yake Ikupa alikuwa anaangalia upande wa Mbeya, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Kyala wangu," akasema, akimwita Mungu kwa Kinyakyusa. "Anaingia."

Upande wa Mbeya, namba mbili wao alikuwa anachechemea kutoka nje, paja limekaza. Na aliyekuwa anavua traksuti ili aingie badala yake, taratibu, akifurahia makofi, alikuwa kocha wao. Hamza. Naye kajiandikisha namba kumi na sita. Makocha wetu bwana! Kustaafu wanatangaza kwa mdomo, miguu haiambiwi.

Hamza mnamfahamu. Mtoto wa duka la vitenge la Mwanjelwa, sahibu wa Zabron tangu Arusha, mpinzani wake wa jezi ile ile namba mbili, mwenye jino la fedha upande wa chini kulia na kicheko cha kulitangaza. Siku ile skramu ilipoanguka Arusha, wote wawili walikuwa chini yake. Wakarudi Mbeya basi moja, wakapigwa picha kliniki moja, siku moja. Zabron akaambiwa shingo ina ufa. Hamza akaambiwa mzima kama ng'ombe wa maonesho. Akacheza mechi mbili za kuaga, akaacha kwa hiari yake, akapewa timu ya Mbeya afundishe.

Kasoro ndogo tu. Tangu wakati ule, ukimwita Hamza kwa nyuma, hageuzi shingo. Anageuka mwili mzima, miguu na yote. Sehemu ya Tatu niliwaambia ni maringo. Niliwaambia vibaya.

"Mwache aingie," Zabron akasema kwa uchungu. "Yeye si mzima? Ana bahati yake."

"Si mzima!" Ikupa akamshika mkono kwa kucha. "Ndiyo maana nimekuja! Nimeona jina lake kwenye karatasi ya wachezaji wa Mbeya uliyoiacha mezani, namba kumi na sita, nikajua nimekwisha. Toa picha. Itoe, uiangalie!"

"Sitaki."

"Zabron!"

Miaka saba alikuwa hajamwita kwa jina lake tupu. Zabron akaitoa picha, akainyanyua kuelekea jua.

Ufa ulikuwepo, mweusi, mwembamba, palepale kalamu ya daktari ilipokuwa imegusa. Akafumba macho. Akafumbua.

"Usiangalie ufa," Ikupa akasema. "Panda juu. Kwenye taya."

Akapanda juu. Taya, meno. Na upande wa chini, kati ya meno ya rangi ya moshi, jino moja jeupe pe, linang'aa kama kizibo cha soda barabarani. Jino la chuma.

Zabron akapitisha ulimi kwenye meno yake. Yote thelathini na mawili, aliyopewa na Mungu, ambayo mpaka leo anafungulia soda.

"Hii shingo si yako," Ikupa akasema. "Yako haina kitu. Haijawahi kuwa na kitu."

Jamani! Miaka miwili mtu kalala chali. Miaka miwili hajabeba ndoo, hajambeba mtoto, hajacheza, kalia bafuni mpaka bili ya maji imepanda, na yote hayo kwa sababu ya shingo ya Hamza. Na jino limekaa humo chini ya godoro muda wote linacheka.

Mzee Isihaka, ambaye kunyamaza kumemshinda tangu azaliwe, alikuwa kachungulia picha kupitia begani.

"Kwa hiyo Zabron ni mzima?"

"Mzima."

"Na yule Hamza ndiye mbovu?"

"Ndiye."

Mzee akawaza. "Na vijana wetu wakisukuma sasa hivi...?"

"Anavunjika, Mzee. Atapooza. Au atakufa."

"Innalillahi," akasema Mzee Isihaka, na kwa kweli alisikitika, nilimwona. Kisha akaangalia nguzo za goli, akaangalia kombe mezani. "Lakini tutakuwa tumefunga?"

Zabron hakuwa tena hapo. Alikuwa anakimbia.

Alikimbia kwenye mstari wa pembeni akipunga picha. "Refa! Refa, simamisha!" Lakini barabarani madereva wa malori ya mbao walikuwa wameegesha magari yao kushuhudia, na walikuwa wanashangilia jinsi dereva wa lori anavyoshangilia, yaani honi kwanza, akili baadaye. Malori kumi na moja. Refa Philbert hakusikia hata filimbi yake mwenyewe.

"Inama!" refa akaonesha kwa mkono. Wanane wakainama huku, wanane kule.

"Shikaneni!" Saulo na Hamza wakatazamana, sikio kwa sikio. Hamza akacheka kwa jino.

"Benjamini!" Zabron akapiga kelele. "Benjamini, msisukume! Acheni!"

Benjamini alimsikia. Hilo naapa. Mtu aliyezoea kusikia katikati ya misumeno hashindwi na honi. Alimsikia, na hakugeuka.

Hapa sharti nisimame kidogo, hata kama mnanitukana, maana bila hili mtamwona Benjamini ni mtu mbaya.

Kwenye kupakia magogo Mafinga kuna sheria moja ambayo haikuandikwa popote, na inaheshimiwa kuliko zile zilizoandikwa. Wanaotii, wanatii sauti ya mtu aliye chini ya gogo pamoja nao. Huyo peke yake. Akisema "haya" wanapandisha, akisema "tua" wanatua, kwa sababu wakikosea na yeye atalaliwa. Mtu aliyesimama pembeni, hata awe mwenye msitu, hata awe mkuu wa wilaya, akitoa amri, hawamsikii. Wakimsikia mtu wa pembeni, mmoja anaachia, saba wanabaki na gogo, na kesho yake mnachimba kaburi. Wameshachimba mawili.

Zabron alikwenda kuwafundisha watu hao akiwa kasimama pembeni na filimbi. Msimu mzima! Siku moja mazoezini aliwaamuru waachie katikati ya kusukuma. Wakasimama, wakakaa chini, wakatoa ugali wao, na siku mbili hawakufanya mazoezi. Yeye alidhani wanamdharau. Walikuwa wanalinda uhai wao.

Na sasa alikuwa tena pembeni, na tena anawaamuru waachie.

"Sukumeni!" refa akaonesha. Mpira ukaingia.

"Haya-a!" ikatoka sauti ya Benjamini kutoka nyuma.

"Twende!" wakaitikia saba.

Skramu ya Mbeya ikasogea hatua moja. Umati ukasimama. Hamza alikuwa katikati, mabega yamebanwa huku na huku, na kicheko kilikuwa kimekwisha usoni.

"Haya-a!"

Hatua ya pili. Shingo ya Hamza ikaanza kupinda kwenda juu.

Hapo ndipo Zabron Kihwele alipofanya jambo ambalo hakuna kitabu cha ukocha kinacholifundisha. Aliitupa picha, akaruka kamba, akaingia uwanjani kifua wazi, akaenda moja kwa moja nyuma ya skramu. Akasimama nusu sekunde. Nusu sekunde hiyo naijua, na nyinyi mnaijua. Miaka miwili aliishi kwa neno la daktari. Sasa alikuwa na neno la mkewe peke yake, mke ambaye hata hajamweleza picha zilichanganyikaje. Kama anadanganya, uji na kijiko.

Akainama. Akaingiza kichwa na bega chini ya kiuno cha Benjamini, akawa mtu wa tisa, na uzito wote wa skramu mbili ukamshukia shingoni.

Shingo ikakaa.

"Tua!" akaguna kutoka humo chini, kwa sauti ambayo hajawahi kuitoa pembeni. "Benjamini, tuuua!"

Benjamini akatazama chini ya kwapa lake. Akaliona bega. Akamwona mwenye bega.

"Tua," akarudia kwa wenzake, taratibu.

Na wapakiaji wanane wa Mafinga, hatua tatu kutoka kwenye kombe, wakatua. Hawakuachia, mtu wa magogo haachii. Walisimama, wakaubeba uzito wote mpaka ukatulia, kisha wakashuka kwa magoti pamoja, polepole. Hamza akatoka katikati yao akitambaa, mzima.

Filimbi ikalia. Refa Philbert alihesabu wachezaji, akahesabu tena, kwa kuwa ni mwalimu wa hisabati. Tisa kwenye skramu, mmoja wao hana shati. Penalti kwa Mbeya. Kocha wa Mafinga kadi nyekundu. Mbeya wakaupiga mpira nje, na dakika zikaisha humo humo. Kumi na tano kwa kumi na mbili. Kombe likapelekwa Mbeya, likiwa limeshapigwa picha na Mzee Isihaka.

Mzee mwenyewe alikaa kwenye kiti chake cha plastiki, simu mkononi, anafuta picha grupu moja baada ya jingine.

Benjamini alimwendea Zabron, ambaye alikuwa bado kapiga magoti kwenye nyasi anajipapasa shingo, anaipeleka kulia, anaipeleka kushoto, na machozi yanamtoka bila yeye kujua.

"Kocha," akasema.

Zabron akainua uso. Msimu mzima jina hilo wamelitumia kwa kejeli.

"Kocha, sijui umeona nini, lakini ulikuwa chini ya gogo. Kesho mazoezi saa ngapi?"

"Saa kumi," Zabron akajibu kwa shida.

"Saa kumi," Benjamini akawageukia wenzake. "Mmesikia? Saa kumi kamili, kocha kasema."

Laiti ningeishia hapo! Mhariri angefurahi, na mngelala vizuri. Lakini Hamza alikuwa anakuja, anavuka uwanja kwa hasira, mwili mzima umegeuka pamoja.

"Wewe una wazimu?" akafoka. "Mmeshatusukuma, mmeshinda, halafu unaingia uchi kuharibu mechi? Unanionea huruma mimi? Mimi?"

"Cheka," Zabron akasema.

"Nini?"

"Cheka tu, ndugu yangu. Nione jino."

Ikupa alikuwa kaiokota picha. Zabron akaichukua, akainyanyua juani, akaweka kidole kwenye taya. Hamza akasogea. Akaangalia jino. Akashuka kuuangalia ufa. Mkono wake ukapanda wenyewe, ukagusa shingo, polepole sana, kama mtu anayegusa ukuta uliopakwa rangi sasa hivi. Kisha akakaa chini hapo hapo kwenye nyasi.

"Miaka miwili kichwa kinaniuma," akasema. "Mikono inakufa ganzi. Nikadhani ni mto." Akaitazama tena picha. "Mechi zangu mbili za kuaga nilicheza na hii?"

"Na hii."

"Nani alipiga hizi picha, Zabron?"

Ndipo swali lilipomfikia Zabron. Siku nzima ya leo, katikati ya jezi na honi na magogo, hakuwa ameliuliza. Akageuka. Shingo yake nzima, nzuri, ikageuka peke yake bila miguu, ikamtazama mkewe. Mkewe, ambaye miaka miwili iliyopita, kabla hawajahamia Iringa, alikuwa mfanyakazi wa chumba cha X-ray kwenye kliniki moja ya Mbeya.

Ikupa hakukimbia. Hilo tumpe.

"Mimi," akasema. "Majina niliyabadilisha mimi. Nilikuwa na mimba ya Matilda. Kila ukienda kucheza nilikuwa sili, silali, nakusubiri urudi kwenye machela. Nikaiona ile picha ya shemeji Hamza, nikaona namna ya kukutoa. Na shemeji alikuwa ameniambia mwenyewe ameacha, anakwenda kuuza vitenge na baba yake. Nikajua hatarudi uwanjani, haitamdhuru. Nilitaka mume mwenye shingo, Baba Matilda. Basi. Sikutaka kingine."

Malori yalikuwa yamenyamaza.

Aliyejibu ni Hamza, kutoka chini kwenye nyasi, kwa upole kabisa, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko ngumi.

"Na Batuli, shemeji? Mke wangu yeye hakutaka?"

Ikupa akajifunika uso kwa viganja vyote viwili. Maana upande wa pili wa uwanja, kwenye viti vya wageni, Batuli mke wa Hamza, aliyekuwa amefunga safari kutoka Mbeya na chupa ya chai kuja kumwangalia mumewe akishangiliwa, alikuwa ameshasimama. Kuna mtu alikuwa kamkimbilia na kumnong'oneza yaliyosemwa. Akaiweka chupa chini, akavua ndala zake, akazipanga pamoja vizuri kando ya chupa, na kuanza kuvuka uwanja peku, macho yake kwa Ikupa.